Mstari Mwekundu Kwenye Nati

Nyumbani kwangu rangi ya kucha hufunguliwa barazani. Ni sheria niliyoitunga mwenyewe, na binti yangu, ambaye ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza, ameshaamua kwamba mama yake ni mlokole wa siri, ingawa kila Jumapili tunasali misa ya kwanza pamoja, benchi moja. Nimemwacha aamini hivyo, maana ni rahisi kuliko kueleza. Wiki iliyopita ilinyesha mvua ya upepo, baraza likalowa mpaka ukutani, naye akafungulia rangi yake sebuleni bila kuniuliza. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa ulezi. Sakafuni karibu na mlango lilikuwepo sanduku la spana la marehemu baba, nililolileta kutoka kwetu Pito baada ya arobaini yake, na asubuhi hiyo nilikuwa nimelifuta vumbi kwa kitambaa cha dizeli. Harufu ya rangi ikaja, ikaikuta harufu ya dizeli, zikaniingia puani pamoja.

Mwiko nikauacha umesimama sufuriani. Nilikuwa na miaka tisa tena, nipo chini ya mikaratusi, na mama yangu alikuwa ndani ya gari linalokwenda kuteremka ziwani Kasanga.

Baba alikuwa fundi wa magari, lakini ukimwambia gari lako haliwaki angekuelekeza kwa mwingine. Yeye alikuwa fundi wa chini. Springi, shokapu, bushi, kila kinacholibeba gari na kulitenganisha na mashimo ya barabara, hicho ndicho kilichotulisha. Gereji yake ilikuwa uwanja wa nyumba yetu: mikaratusi minne, magogo ya kupandishia magari, na ardhi nyeusi kwa mafuta ambayo hata kuku waliikwepa. Kama umekulia Ufipa, upepo wa kiangazi unaujua. Unapita kwenye sweta, unapita kwenye ngozi, unakwenda kukaa kwenye mifupa. Baba alilala chini ya magari katika upepo huo, mgongo juu ya gunia, akisema na bolti kwa Kifipa kama mtu anayebembeleza ng'ombe asimame akamuliwe. Pembeni yake alikuwepo mwenzake, Fundi Krispini, mtu mrefu na mpole aliyejibu maswali mengi kwa kutikisa kichwa. Walianza kazi pamoja kabla sijazaliwa.

Wakati ninaousema, macho ya baba yalikuwa yameanza kukataa vitu vya karibu. Barabarani aliona mpaka mwisho wa upeo, lakini maandishi madogo yalimponyoka, na kununua miwani aliona ni kutangaza uzee. Badala ya miwani akanichukua mimi. Kila alipokwenda mjini kununua bolti, nilikwenda naye, bolti kuukuu iliyofungwa kwenye kitambaa ikiwa mfukoni mwa sare yangu ya shule. Nilitembea kifua mbele. Watoto wengine walitumwa chumvi; mimi nilikwenda kusoma.

"Hizi hapa, fundi," muuza vipuri angesema, akimwaga mezani bolti mpya zinazong'aa. "Za spana namba kumi na tisa, ndizo hizohizo."

"Gaude, nisomee kichwa."

Ningeigeuza bolti huku na huku. "Hakina kitu, baba. Kitupu."

"Basi haikwenda shule hiyo. Rudisha."

Nilichokuwa natafuta ni namba ndogo zilizochorwa kichwani mwa bolti: nane nukta nane, kumi nukta tisa. Baba alinieleza kwamba namba hiyo si ukubwa, ni ugumu wake, na kwamba mahali palipotolewa bolti ya kumi nukta tisa hapawekwi mdogo wake, hata kama anaingia kwenye tundu lilelile na anang'aa kuliko kaka yake. Mimi nilielewa kwa namna yangu. Niliamini bolti zilifanya mtihani. Nane nukta nane alikuwa mwanafunzi mzuri, lakini yule wa kumi nukta tisa alinisumbua akili kwa muda mrefu, kwa sababu mwalimu wetu wa hesabu hakuwahi kumpa mtu zaidi ya kumi juu ya kumi. Nilimheshimu sana.

Namba ikipatikana, kazi ilikuwa haijaisha. Baba alipima shingo, yaani ile sehemu ya bolti iliyo laini, isiyo na meno, kwa sababu bushi, ule mpira unaoizunguka bolti, inapaswa kukaa shingoni. Ikikaa kwenye meno itatafunwa. Kisha alizilaza bolti mbili, kuukuu na mpya, meno kwa meno, akaziinua juani.

"Unaona mwanga unapita katikati?"

"Naona kidogo, baba."

"Basi hazisemi lugha moja hizi. Ukiilazimisha nati, itakubali mizunguko mitatu, itakuchekea, halafu itaanza kuuma."

Hilo nililielewa upesi kuliko yote, kwa sababu nyumbani tulisema Kifipa na shuleni Kiswahili, na nilijua inavyokuwa mtu akikulazimisha uitike kwa lugha ambayo haijakukaa mdomoni. Kuhusu nati alikuwa mkali zaidi. Zile zenye duara la nailoni ndani alizipenda kuliko zote, lakini nati ya namna hiyo ikishafunguliwa hakuirudisha tena mahali pa kubeba uzito. Nailoni ikishaumwa na meno ya bolti, alisema, imeshaumwa. Wenye magari walinung'unika, muuza vipuri alicheka, na baba akabaki na ukaidi wake. Mimi nilidhani mafundi wote duniani huinua bolti juani. Nimekuja kujua ukubwani kwamba wengi hawainui.

Sasa, ile rangi. Niliikuta siku moja ndani ya sanduku, chini ya spana kubwa, kichupa kidogo cha rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva. Mama yangu alikuwa na kucha fupi, ngumu, zenye magamba ya samaki pembeni. Hakuwahi kupaka rangi hata siku ya Pasaka. Basi kichupa kilikuwa cha nani? Nilikuwa nimeshasikia mazungumzo ya kutosha kisimani kujua kwamba wanaume huwa na wanawake wengine, na kwamba wanawake hao hupaka kucha. Wiki nzima nilimwangalia mama kwa huruma. Nilimwoshea vyombo bila kutumwa. Nikamwangalia baba kwa jicho ambalo, kama angekuwa na miwani, angelishtukia.

Jumamosi nikamkuta amelala chini ya gari la mtu, kichupa kimefunguliwa kifuani, ile brashi ndogo imepotea kati ya vidole vyake vinene, anachora mstari mwekundu mwembamba kutoka kwenye nati kuvuka mpaka kwenye ncha ya bolti. Nilihisi aibu na furaha kwa pamoja. Nikachutama.

"Ya nini hiyo, baba?"

"Hii?" alijibu bila kugeuka, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kwa umakini. "Nati nikishaipaka hii, haiendi popote nisijue."

Hayo ndiyo maneno aliyosema, nina hakika nayo. Lakini mtoto husikia anachokihitaji. Mimi nilisikia: haiendi popote.

Ilikuwa rahisi kwangu kuamini hivyo kwa sababu mwaka uleule nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Katekista, jirani yetu, alitufundisha kila Jumamosi mchana kuhusu alama: maji kichwani, mafuta kwenye paji la uso, majivu ya Jumatano ya Kwaresima. Alisisitiza kwamba alama hizi si pambo, kuna kitu kinatendeka ndani ambacho jicho halikioni. Nikaunganisha. Padre anachora alama, shetani hasogei. Baba anachora alama, nati haisogei. Nilimwona baba mtu mkubwa zaidi kuliko nilivyokuwa nikidhani.

Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Kila wiki alipanda pikapu ya Nikodemu, dereva mwenye maneno mengi, akateremka ziwani Kasanga na magunia ya mahindi, akarudi na dagaa na migebuka iliyokaushwa. Nilikwenda naye mara moja tu. Tulipofika mwisho wa uwanda, ardhi iliisha, ziwa likaonekana chini kabisa kama kitu kilichodondoshwa, na pikapu ikaanza kuteremka kwa kona, upande mmoja mlima, upande mwingine hewa. Nilifumba macho nikashika sketi ya mama mpaka chini. Tangu siku hiyo, kila alipoondoka nililia, naye aliniona mdekaji. Sikumwambia ninachokiogopa. Niliogopa kwamba nikikitaja kitasikia.

Ndipo pikapu ya Nikodemu ikaja gereji yenyewe. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, bushi zimekuwa ugoro, na bolti mbili kati ya nne zinazozishika springi kwenye chesisi zilikuwa zimeliwa katikati kiasi kwamba baba alizishika akatikisa kichwa. Tulikwenda mjini, mimi na yeye. Nilisoma vichwa mpaka macho yakauma. Tulipata bolti nne zenye namba sawa na zilizotoka, shingo sawa, meno yasiyopitisha mwanga. Nati za nailoni zilikuwa tatu tu. Tulizunguka maduka yote, ya nne haikupatikana, na Nikodemu alikuwa na safari kesho yake. Baba akachukua nati ya kawaida na washa ya springi, ile iliyokatwa upande mmoja, akaishika njia nzima mkononi bila kuiweka mfukoni.

"Hii inashika ikikazwa," aliniambia tukirudi. "Isipokazwa ni pambo."

Mchana bolti zote nne zilikuwa ndani, nati zimezungushwa kidogo tu, pikapu bado ipo juu ya magogo na magurudumu ya nyuma yananing'inia. Baba hakukaza gari likiwa hewani. Alisema likae chini kwanza, libebe uzito wake, mpira wa bushi ulale unavyotaka kulala, ndipo ukaze. Ukiukaza ukiwa unaning'inia, gari likishuka mpira utajinyonga na kuchanika. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu niolewe. Krispini alikuwa mjini kuchomelea chuma. Kabla hajarudi, akaja mtu mbio: lori limevunja springi kwenye njia ya Kasesya, mali za watu zipo juu, fundi anaombwa sasa hivi. Baba akakusanya spana za lori.

"Gaude, mama. Krispini akirudi mwambie ashushe gari, akaze, halafu apake. Umesikia? Ashushe, akaze, apake."

"Nimesikia, baba."

Kichupa alikiacha juu ya gogo.

Wageni wakisikia natoka Sumbawanga huchekacheka na kuuliza habari za uchawi. Huwa nawaambia nimewahi kuloga mara moja tu, kwa rangi ya kucha. Nilitambaa chini ya pikapu ile na kichupa mkononi. Mama angesafiri nayo alfajiri. Kwa nini Krispini, mwenye mkono mzito na haraka zake, ampakie mama yangu alama, wakati nipo mimi ninayempenda? Nilifanya ishara ya msalaba. Nilipaka ya kwanza, mstari ukaanza vizuri ukaishia kulala. Ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Ile ya nne, isiyo na nailoni, niliionea huruma, nikaipaka mara mbili mpaka rangi ikanichuruzikia vidoleni. Nilitoka chini ya gari nikiwa na amani ambayo sijui kama niliipata tena hata siku ya komunyo yenyewe.

Krispini akarudi. "Baba yako?"

"Ameitwa njia ya Kasesya. Lori limevunja springi."

"Kasemaje?"

Maneno yalikuwa matatu. La tatu lilikuwa limeshafanyika, na kwa imani yangu la pili lilikuwa ndani ya la tatu. Sikuwa nadanganya. Nilisema, "Amesema ushushe."

Krispini akainama, akachungulia, akaona wekundu. "Kumbe kashapaka," alisema peke yake. Akaingiza jeki, akatoa magogo, akalishusha gari. Jioni Nikodemu akaja akalichukua, akipiga honi isiyo na sababu.

Alfajiri mama aliniaga mlangoni, amejifunga kitenge juu ya sweta, akisubiri nilie. Sikulia. Nilimwambia safari njema kama mtu mzima. Alinishika shavu kidogo, nadhani aliona nimekua.

Baba alirudi asubuhi jua likiwa limeshapanda, kwa miguu kutoka barabara kuu, grisi mpaka kwenye nyusi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akapokea chai. Kulikuwa na watu watatu wanne uwanjani, wateja na wapita njia. Baba akamgeukia Krispini kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ile nati isiyo na nailoni, ulipoikaza washa ilikaa sawa?"

"Nati ipi?" Krispini alisema. "Mimi nilikuta umeshapaka."

"Nimepaka saa ngapi? Nimeondoka gari lipo juu."

"Nilikuta rangi, mwenzangu. Zote nne. Nikashusha."

Kikombe cha baba kilitua kwenye gogo polepole. Sijawahi kuona uso ukiondokwa na damu namna ile. Halafu akapiga kelele, yeye ambaye hakuwahi kumpigia kelele hata mbwa. "Miaka yote hii, Krispini! Unashusha gari bila kutia spana? Mke wangu yumo humo! Mke wangu!"

Krispini alifungua mdomo kujibu. Wakati huohuo macho yake yakaangukia mikono yangu, iliyokuwa imeshika birika. Vidole vilikuwa vyekundu mpaka kwenye kucha. Akaufunga mdomo. Akaangalia chini, na akakubali kutukanwa mbele za watu.

Simu za mkononi zilikuwa za wachache siku hizo, na kule njiani hata mwenye nayo asingesikia kitu. Baba alikimbia kwa katekista, akaazima pikipiki, akachomeka spana mbili za namba kumi na tisa kwenye mkanda, akaondoka bila kofia na bila koti katika upepo ule. Nilibaki nimesimama na birika. Nilikuwa bado sijaelewa rangi imekosea wapi, lakini uso wa baba ulikuwa umeniambia kwamba mama yangu yupo juu ya nati zilizolegea, na kwamba aliyemweka hapo ni mimi.

Watu walipotawanyika Krispini alichukua pamba, akaimwagia petroli kidogo, akakaa kwenye gogo.

"Mikono," alisema.

Nikampa. Alisugua kidole kimoja kimoja, petroli ikiniuma kwa baridi.

"Nani alikwambia upake?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini?"

"Ili zisitoke. Mama anakwenda Kasanga."

Aligeuza kiganja changu. "Rangi haishiki kitu, Gaude. Kinachoshika ni kukaza. Mstari ni wa macho tu. Ukishakaza unachora, na siku nati ikisogea, mstari unakatika, nusu inakwenda na nati, nusu inabaki kwenye bolti. Mtu akiinama anaona."

"Kwa hiyo mama ataanguka?"

"Sijui," alisema.

Mtu mzima mwingine angeniambia hapana. Yeye alisema sijui, akaendelea kunisafisha, na kwa jibu lile nilimwamini kwa yote aliyosema baadaye maishani. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia baba ni mimi. Akasema jambo hilo ni langu, nitamwambia mwenyewe.

Siku ile ilikuwa ndefu. Sikula. Kila gari lililopita barabara kuu nililisikia tangu mbali na kulisindikiza kwa masikio mpaka likapotea. Nilijaribu kusali, lakini kila nilipofanya ishara ya msalaba niliona vile vidole na nikaacha. Krispini alifanya kazi zake karibu nami, hakwenda kula, na mara kwa mara alisimama kuangalia njia. Jua lilikuwa limeegemea mikaratusi pikipiki iliposikika. Baba alikuwa peke yake. Aliizima, akakaa kwenye gogo, meno yakigongana kwa baridi.

"Wazima," alisema mwishoni. "Wamelisimamisha juu, kabla ya mteremko. Nati moja ilibaki na mizunguko miwili itoke. Nimezikaza zote. Wameendelea."

Nilikaa chini kwenye ardhi yenye mafuta. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua: "Baba, ni mimi niliyepaka."

Nilisubiri fimbo, na kwa kweli niliitaka.

"Nilikupa maneno mangapi?"

"Matatu."

"Ukampa Krispini mangapi?"

"Moja."

Aliinuka. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Krispini, na kwa kuwa alimfokea mbele za watu, alimwita katekista aliyekuja kuchukua pikipiki yake na jirani aliyekuwa akipita, kisha mbele yao akasema, "Nisamehe, mwenzangu." Krispini akaitikia kwa kichwa mara moja, yakaisha. Kuanzia siku hiyo baba hakupaka nati nikiwepo bila kuniita. Aliweka mkono wangu kwenye mkia wa spana, wake juu yake. "Vuta. Inakwenda?" "Haiendi, baba." "Haya, sasa paka."

Mama alirudi siku ya tatu, ananuka samaki na moshi. Nilimfuata mpaka jikoni nikaficha uso kwenye kitenge chake. Nilitaka kumwomba radhi lakini badala yake nikamuuliza nani alilisimamisha gari.

"Nikodemu alisimama pale juu watu wachimbe dawa vichakani," alisema. "Mimi huwa nainama kila mara kuangalia mistari ya baba yako kabla ya mteremko. Nikainama."

"Ukaona umekatika."

"Huo uliokatika nimeuona baadaye. Kwanza niliona imepinda." Alinitazama. "Baba yako hajawahi kupinda mstari tangu nimjue. Ile inaanza imenyooka halafu inalala. Nikasema, mbona huu ni mkono wa Gaude? Na kama Gaude amepaka, nani amekaza? Nikodemu hakuwa na spana ya kuingia pale, alikuwa na maneno tu, anataka twende hivyohivyo polepole. Nikatandika kitenge mbele ya gurudumu nikakaa."

"Walikutukana?"

"Sana," alisema, akaanza kupanga migebuka.

Mama hakuvuka darasa la pili. Daftari zangu hakuweza kuzisoma. Lakini kila jioni, nilipoandika kwa mwanga wa kibatari, alikaa pembeni yangu akichambua ulezi na kuangalia mkono wangu unavyokwenda, nami nilidhani anaangalia tu. Mtu asiyejua kusoma ndiye aliyeusoma mwandiko wangu chini ya gari, mwisho wa uwanda, akausoma vizuri kuliko nilivyowahi kusomwa na mtu yeyote. Naye ametangulia, kabla ya baba. Kuna siku namhitaji mpaka nakasirika.

"Mama, ugali unaungua!" Binti yangu alikuwa mlangoni, kucha tano nyekundu, tano bado. Akaliona sanduku wazi, akachutama, kwa sababu hawezi kupita kitu bila kukigusa. Chini ya spana kubwa akatoa bolti iliyofungwa kwenye kitambaa, na nati ya kawaida juu yake. Nilikuwa nimeiona asubuhi nikaifunga upesi. Baba aliitoa kwenye ile pikapu siku alipopata seti kamili ya nailoni, na hakuwahi kuniambia kwamba aliitunza. Rangi ilikuwa imefifia ikawa kahawia, nusu kwenye nati, nusu kwenye ncha ya bolti, hazikutani.

Binti yangu aliizungusha nati kwa vidole, kwa uangalifu asiharibu kucha, mpaka nusu mbili zikagusana na mstari ukawa mmoja. Akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaukodolea macho.

"Huu umechora wewe," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Si unalala mwishoni. Kama unavyoandika jina langu."

Nilizima jiko, nikakaa sakafuni pembeni yake, nikamwomba anipe ile brashi nimalizie kucha tano zilizobaki.